Mlango Uliopakwa Rangi Mara Tano

Fundi rangi alikuwa amemaliza neno DARASA mlangoni na anachovya brashi aanze JUMUISHI, Mratibu wa Elimu Maalumu alipopanda juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutangaza kwamba kuanzia saa hiyo ubaguzi shuleni umekwisha.

"Umekwisha kabisa?" fundi aliuliza.

"Kabisa. Kilichobaki ni rangi kukauka."

Walimu wawili waliokuwa wakipita wakapiga makofi kidogo, kisha wakaendelea na safari yao ya chooni, maana chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana na vyoo.

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alilijua hilo mwenyewe na hakuona sababu ya kulificha. Katika utumishi wake alikuwa ameuvusha mlango huo katika mageuzi yote. Alipoajiriwa ulisomeka CHUMBA CHA WASIOJIWEZA. Ikaonekana ni matusi, ukaandikwa DARASA LA PEKEE. Baada ya semina ukawa KITENGO CHA ELIMU MAALUMU, na baada ya semina yenye chakula kizuri zaidi ukawa KITUO CHA WATOTO WENYE MAHITAJI MAALUMU, maandishi yaliyouzidi mlango yakamalizikia ukutani. Kila mageuzi yalikuja na rangi yake juu ya rangi, hata mlango ukanenepa na kugoma kufungika. Aliyetaka kuijua historia ya haki za watoto wenye ulemavu angeweza kuikwangua kwa ukucha.

Ndani hakukubadilika kitu, jambo ambalo Mratibu aliliita uthabiti wa huduma. Watoto wote walifundishwa kutunga shanga. Asiyeona alitunga, asiyesikia alitunga, na msichana wa kiti cha magurudumu, aliyeitwa Wakili kwa sababu ya mdomo wake, alitunga huku akifanya hesabu za Darasa la Tano alizoletewa na pacha wake. Jioni shanga zote zilimwagwa koponi, ili kesho kuwe na somo.

"Shikamoo, Mratibu," Wakili alisema akichungulia mlangoni. "Sasa kama ubaguzi umekwisha, mimi nahamia Darasa la Tano lini?"

"Marahaba, mwanangu. Darasa la Tano lina ngazi mlangoni. Tunakuonea huruma."

"Zioneeni huruma ngazi. Mimi sina tatizo."

"Hapa kuna utulivu. Vyoo viko karibu. Uko na wenzako wanaokuelewa. Na ni kwa muda tu, mpaka utaratibu ukamilike."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Unaona? Mimi si kigeugeu."

Fundi hajafika mbali na JUMUISHI yake, Mkurugenzi wa Elimu akaingia na mpiga picha. Alikuwa mama mwenye haraka. Wizara ilitaka picha ya darasa jumuishi kabla ya jioni.

Alisoma mlango, akatazama ndani. "Hawa wamejumuishwa na nani?"

"Wenyewe kwa wenyewe, Mheshimiwa."

"Haiwezekani. Picha iwaonyeshe pamoja na watoto wengine. Liiteni Darasa la Tano."

"Halitoshi humu, mama," alisema mwalimu mkuu, aliyekuja mbio na chaki ingali mkononi. "Na kule kwao kiti hakipandi."

Mratibu akapendekeza iundwe kamati. Alipoona kamati haipendezi, akapendekeza picha ipigwe kwa karibu sana.

"Ofisini kwa Mratibu si tunatosha wote?" Wakili alisema.

Ofisi ya Mratibu ilikuwa palepale shuleni, karibu na lango, katika ukumbi uliokuwa maktaba. Alipewa ili awe karibu na walengwa.

"Huko hakuna ngazi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kuna mteremko wa saruji, mama, laini kama sahani," Wakili alidakia. "Naupigia jicho kila asubuhi."

Mteremko ule ulijengwa kwa vikao na bajeti ya dharura, ili mashine yake ya fotokopi ipandishwe bila kutikisika.

"Nani aliujenga?"

"Mratibu mwenyewe," mwalimu mkuu alijibu upesi mno.

Mkurugenzi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe uliona mbali! Sisi tunakaa vikao, wewe umeshamwaga zege. Ulijua siku hii itafika."

Kamera ilikuwa tayari imeinuliwa. Mratibu akaupima ukweli, akazipima sifa.

"Nilihisi, Mheshimiwa," alisema, na picha ikapigwa.

"Basi Darasa la Tano lihamie huko leo hii, na hawa wote waingie."

"Na mimi, Mheshimiwa?" Mratibu aliuliza.

Mkurugenzi akatazama chumba cha mwisho wa korido.

"Hapa kuna utulivu," Wakili alisaidia. "Na vyoo viko karibu."

"Kweli kabisa," alisema Mkurugenzi.

"Mpaka lini?"

"Ni kwa muda tu. Mpaka utaratibu ukamilike."

Mchana kutwa madawati yalibebwa. Fotokopi iliteremshwa bila kutikisika. Pacha wa Wakili alipokishika kiti chake amsukume mteremkoni, Wakili alimwondoa mkono. "Niachie. Huu nimeusubiri mimi." Akaupanda taratibu mpaka juu, akageuka, akashuka, akaupanda tena.

Jioni nusu ya madawati yalikuwa bado uani, na mwalimu mkuu akasema yaachwe hadi kesho. Fundi alisimama mbele ya DARASA JUMU, brashi ikidondosha.

"Bosi, hapa nimalizie vipi sasa?"

"Acha kwanza," Mratibu alijibu kutoka ndani. "Tutaona kesho."

Alijaribu kufunga mlango, ukagoma. Akaketi kwenye kiti kilichomfikisha magoti karibu na kidevu, na kwa kuwa mikono ilihitaji shughuli, akachukua uzi. Alikuwa ameshatunga shanga nyekundu safu nzima, tena kwa mpangilio mzuri, Wakili alipopita akielekea nyumbani.

"Usikaze fundo, Mratibu. Jioni zinamwagwa."

"Zinamwagwa kwa nini?"

"Ili kesho uwe na somo."