Thornbeck Yaombwa Isishinde Ovyo

Kamati Kuu ya Soka ya Kaunti ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba fainali ya Kombe la Kaunti mwaka huu ingechezwa kwa heshima zote, na kwa ajili hiyo klabu ya Thornbeck Rovers iliombwa isishinde ovyo.

Ombi lilikuwa la busara. Thornbeck walikuwa wamecheza fainali nyingi tangu enzi za mpira wa kufungwa kwa kamba, na kila waliposhinda, Kamati iliwapokonya ushindi kwa sababu nzuri. Kuna mwaka soksi zao zilikuwa nyekundu kupita kiasi. Mwaka mwingine kipa wao aliokoa penalti huku anacheka. Ndiyo maana jina lao halikuwahi kuchongwa kwenye kombe, na Glenys Akroyd, katibu wa klabu na mfuaji wa jezi zake tangu usichana, alibakiwa na hamu moja tu: kuligusa jina hilo kwa kidole kabla hajafa.

Siku ya fainali ilinyesha mvua ya adabu. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Rodney Thackrah, alifika na wajumbe wake kumi, wote na makoti ya buluu yenye nembo. Wakala pai za nyama za Glenys, wakawasubiri wapinzani, Castleham City, klabu kubwa ya mjini. Hawakutokea. Thackrah akapiga simu.

"Wako Uhispania, kambini," akatangaza. "Walidhani walishatolewa raundi ya pili."

"Basi kombe letu!" Glenys akadakia.

"Taratibu, mama. Hakuna bingwa bila mechi. Fainali imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na sisi. Kumi na mmoja tulio hapa."

Glenys akawatazama mmoja mmoja, kuanzia vitambi mpaka viatu. Kisha akamgeukia mgeni rasmi, Bibi Cordelia, mwakilishi wa Mfalme katika kaunti, aliyekwisha kuvaa glavu za kukabidhia kombe.

"Mheshimiwa, Kamati imejitolea kucheza yenyewe."

"Jamani! Ushujaa gani huu!" Bibi Cordelia akapiga makofi.

Nani angekataa mbele ya mwakilishi wa Mfalme? Kamati ikafanya kikao cha dharura wima, ikaazimia kwamba kucheza kwake ni mkakati wa kuwasogelea wadau, ikavua makoti. Uwanja wa Thornbeck umeinama kama paa la nyumba. Kamati ikapangiwa kushambulia kwa kupanda.

"Mzee, pumua kwa pua!" mashabiki wakapaza sauti.

"Muacheni, anasubiri akidi!"

Kabla ya mapumziko yalikwishaingia mabao tisa, mawili ya Thackrah mwenyewe, golini kwake. Alikuwa amelala chali topeni karibu na mstari alipomwita Glenys.

"Mama, yatosha. Kamati imeamua. Nyinyi ndio mabingwa. Jina litachongwa kesho."

Maneno hayo Glenys aliyangoja maisha yake yote. Akajipangusa macho kwa aproni. Kisha akainama taratibu, akamfunga mwenyekiti kamba ya kiatu.

"Asante, baba. Lakini ya vikaoni sisi hatuyaamini tena. Haya, inuka. Wanapiga kona."