Jinsi ya Kutofanya Lolote kwa Bidii

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana wa Jiko, mungu wa jikoni kwetu, wiki hii nitakuandikia yote, hata yanayonitia aibu. Mwisho wa mwaka utapanda mbinguni kutoa habari zetu, na toka hapo picha yako ilipobandikwa juu ya jiko la gesi huoni vizuri chumbani kwangu. Afadhali uzipate kwangu kuliko kwa binamu yangu Shuqin, anayeishi kwetu.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi sanamu ya mungu wa hekalu letu itatembezwa mtaani, na mtoto mmoja atatangulia na chetezo cha ubani. Nataka niwe mimi. Baba anafanya kazi kiwandani kaskazini na hajarudi tangu Mwaka Mpya. Nikichaguliwa, hawezi kukosa kuja. Mzazi gani atakosa kumwona mwanawe mbele ya mungu?

Alhamisi kila mtoto atarusha vijimwezi viwili vya mbao mbele ya madhabahu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Anayekubaliwa mara nyingi mfululizo ndiye huyo. Nimefanya mazoezi kwa kandambili za Bibi. Bibi amenikuta. Ameuliza kandambili zake zimeshtakiwa kosa gani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Qiu, kuhani wa Dao wa mtaa wetu. Alikuwa amefungua feni anaifuta vumbi. Nimemwomba siri ya kukubaliwa. Amesema Dao ni Njia, na Njia haisukumwi. Nitazame maji: hayabishani na jiwe, yanatafuta pa chini, na yanafika. Nikiwa na hamu sana najikaba mwenyewe. Bora nisitende.

Furaha iliyoje! Kumbe siri ni kutofanya lolote. Kipaji hicho ninacho tangu utotoni.

Nimeanza mara moja. Sikuosha vyombo. Mama ameuliza kulikoni, nami nimemweleza kwa adabu kwamba nafuata Njia. Mama ni mtu wa Guanyin, mungu wa huruma, na hali nyama. Amesema vizuri sana, lakini anayetaka kutulia huanza kwa kuacha tamaa, kwa hiyo niache pia yai langu la kukaanga. Yai amelila Shuqin.

Jumatano, 9 Aprili

Nimelala sakafuni, kwa kuwa maji hutafuta pa chini. Shingo imekakamaa.

Jana usiku nilimwomba Babu aninenee neno kwa kamati ya hekalu. Kosa kubwa. Babu ni mtu wa Mwalimu Konfusio, na kwake kila kitu kina mkubwa wake na mdogo wake. Alinisimamisha mbele ya vibao vya majina ya mababu, akanionyesha walivyopangwa kwa kuzaliwa kwao, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Shuqin amenitangulia kuzaliwa. Basi Shuqin mbele.

Nikamuuliza Bibi nani kati yao yuko sahihi: Mzee Qiu, Mama au Babu. Bibi alikuwa anawasha ubani, kijiti cha mababu, kijiti cha Guanyin, kijiti cha mungu wa hekalu, wote rafu moja. Akasema hao wa juu hajawahi kuwasikia wakigombana. Wanaogombana ni hawa wanaokula wali wake.

Nimeamua kuwafuata wote kwa pamoja. Nitakuwa chini, bila tamaa, nikimheshimu mkubwa wangu. Asubuhi nilimngoja Shuqin mlangoni apite kwanza. Alikuwa anatafuta soksi. Tumechelewa shule.

Alhamisi, 10 Aprili

Shuqin amekuja hekaluni akitafuna peremende. Amerusha kama mtu anayetupa maganda ya karanga. Amekubaliwa. Tena. Na tena. Ameuliza kama anaweza kwenda, kwa sababu kipindi chake cha televisheni kinaanza.

Zamu yangu. Nikatoa moyoni kila kitu. Nikakagua kama kimebaki kitu. Nikakagua tena. Nikarusha. Vyote viwili chali. Maana yake mungu anacheka.

Mjomba mmoja wa kamati alinihurumia, akaniruhusu kurudia. Mungu akacheka tena. Mjomba akawaambia watu, "Jamani, leo kafurahi huyu," na hekalu zima likamuunga mkono mungu.

Mzee Qiu alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa joho lake. Nikamuuliza nimekosea wapi. "Mjukuu wangu," akasema, "sijaona mtu anayeacha kutaka huku ameuma meno namna ile."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia Baba. Nimemwambia sikuchaguliwa, kwa hiyo asihangaike kuja. Akauliza nani amemwambia mtoto huyu kwamba baba yake anafuata chetezo. Tiketi alishakata zamani. Hata ningepewa kazi ya kuokota maganda ya fataki nyuma ya msafara, angekuja.

Nimelia kidogo, kisha nimerukaruka kitandani mpaka Babu akagonga ukuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba amekuja! Shuqin ametangulia na chetezo, moshi wote machoni, akipiga chafya na kunung'unika njia nzima. Mimi na Baba tumekaa nyuma kabisa tukiokota maganda ya fataki. Yeye alishika gunia. Masikio bado yanavuma. Tumekula uji wa samaki bakuli moja, na ameniachia minofu yote.

Sasa nimeelewa kabisa. Sikusukuma, na yamekuja yenyewe. Mimi ni maji.

Treni ya Baba ni kesho asubuhi. Jioni hii kiatu chake kimoja kimeingia nyuma ya kabati la vyombo. Paka ndiye aliyekisukuma. Mimi sijatia mkono. Baba amekitafuta nyumba nzima, akaniuliza kama nimekiona, nami nikaendelea kumenya kitunguu saumu kwa utulivu mkubwa. Wewe hapo juu unakiona vizuri, Bwana wa Jiko, kwa hiyo nijibu upesi kabla Bibi hajaleta ufagio: kutokitoa, si ndiyo Njia yenyewe?