Metodi ya Mwamini

Habari ilifika kijiweni kwa Mulamba, muuza kahawa, kwa pikipiki, kabla kahawa ya pili haijamiminwa. Aliyeileta ni Maneno, dereva wa pikipiki, ambaye pale kijiweni wanamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Amahoro! Mumesikia ya kwa Mwamini saloni? Iko mwanafunzi anasuka wavu."

"Wavu wa nywele?" akauliza Mulamba, birika mkononi.

"Wavu wa samaki, ndugu yangu. Mistari kabisa, na shanga mwishoni."

Benchi nzima ikacheka. Feruzi alicheka kuliko wote, mpaka kahawa ikampalia. Na kwa nini asicheke? Miezi mitatu ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane, na yeye, anayeitwa Komanda kwa sababu ana mtumbwi na watu sita wa kuwafokea, alikuwa amekalia benchi hiyo mpaka ikachukua umbo lake. Leo jioni ziwa linafunguliwa. Siku kama hiyo mtu hucheka hata msibani.

Redio akaendelea. Kuna madamu wa formasio, mafunzo ya ususi, katoka Bujumbura na vichwa vya plastiki na makaratasi ya Kifaransa yenye mishale. Wanafunzi wengine wameshika, mmoja ameshindwa kabisa. Sasa Mwamini anasema ati kila mutoto iko na mlango wake: huyu anaingia na macho, huyu na masikio, huyu na mikono. Huyo wa mikono ndiye kapewa wavu.

"Mlango!" Feruzi akajipiga kofi gotini. "Mimi baba alinifundisha na mpini wa kasia. Mlango ulikuwa mgongoni. Samaki mkunje angali mbichi!"

"Unamukunja, Komanda," akasema Mulamba, "haumuvunji."

"Hebu muulizeni Direkta. Miaka thelathini na chaki!"

Direkta ni Melkiades, mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka ukimbizini Kigoma na Kiswahili chake kimenyooshwa kwa pasi. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mimi nilikuwa na njia moja. Asiyeelewa, nilimrudia kwa sauti kubwa zaidi."

"Na wakaelewa?"

"Walielewa kwamba nina sauti."

"Basi wa kwangu hahitaji upuuzi wa nyavu," akasema Feruzi. "Hadjara binti yangu iko wa kwanza pale saloni. Wa kwanza! Kesho madamu anawapa mtihani, na sertifika yake nitaipachika hapa, juu ya birika."

Redio akanyamaza. Redio kunyamaza ni ugonjwa, wote wakamgeukia.

"Komanda," akasema mwishowe, "wavu wako, maboya yake rangi gani?"

"Mekundu. Vibidoni vya mawese."

"Na kimoja cha bluu?"

"Na kimoja cha..." Feruzi akaweka kikombe chini. "Wavu wangu umetundikwa nyuma ya nyumba!"

Redio akaanza kukagua tairi la pikipiki yake, ambalo halikuwa na kosa lolote.

Feruzi aliinuka kwa ghafla hivi kwamba benchi ilibinuka na Direkta akabaki ananing'inia. "Wallahi nitaufumua mbele ya wateja! Leo usiku nawasha taa ziwani, na wavu umesukwa kama bi harusi?"

"Samaki mukeke wakiuona watapanga foleni," akasema Mulamba, lakini Komanda alikwisha vuka barabara.

Saloni ilikuwa nyuma ya soko la mawese. Wavu ulikuwa umefungwa kutoka dirishani mpaka kwenye kioo, na Hadjara amempa baba yake mgongo, anasuka. Mwamini akamzuia Feruzi mlangoni kwa chanuo.

"Pole pole, Baba Hadjara. Mutoto iko anashika."

"Anashika nini? Si iko wa kwanza?"

"Wa kwanza kutoka chini. Miezi miwili mistari yake inakwenda kama mbuzi aliyekata kamba. Madamu amesema kesho akishindwa, basi, arudi nyumbani. Nikamuuliza, mwanangu, mikono yako inajua nini? Akasema, wavu."

Feruzi alifungua kinywa amfokee mtu. Hapo akamwona Hadjara analowesha kidole gumba kwa ulimi kabla ya kukaza fundo. Rumonge nzima hakuna mwingine anayefanya hivyo ila Feruzi mwenyewe. Alimfundisha akiwa na miaka sita, amekaa katikati ya magoti yake ufukweni, na hakukuwa na mpini wa kasia. Alikuwa akimwimbia. Hakuwahi kuhesabu kwamba kule nako kulikuwa kufundisha, na aibu ikampanda pamoja na furaha, asijue aanze na ipi.

Pale wavu ulipoishia alikuwa ameketi jirani yao Wema, nywele zimechambuliwa. Vidole vya Hadjara vikatoka kwenye jicho la mwisho la wavu vikaingia kichwani kwa Wema bila kusita. Mstari ukaenda umenyooka mpaka kisogoni.

"Umeona?" Mwamini akanong'ona. "Anavuka bila kujua amevuka. Ukiuondoa leo, kesho asubuhi tunarudi kwa mbuzi."

Feruzi alinyoosha mkono uliokuja kufumua. Akalinyoosha boya la bluu, lilikuwa limekaa upande. Kisha akatoka kwa ncha za vidole.

Kijiweni watu wake sita walikuwa wamekwisha fika, taa zimesuguliwa zinang'aa. Meshaki, mshika usukani, alikuwa amenyoa kabisa kwa heshima ya ziwa.

"Komanda, mafuta tayari, taa tayari. Wavu uko wapi?"

Feruzi akaketi. Akanyoosha kikombe, Mulamba akakijaza. Akanywa mpaka nusu.

"Iko saloni."

"Inatoka saa ngapi?"

"Leo mulale. Kesho iko na mtihani."