Seva ya Ngazi ya Kumi na Sita

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma wa Ngara, wenyeji kwa wakimbizi, kwamba mwaka huu wa 2005 muda umepatiwa ofisi. Inaitwa Kitengo cha Uwiano na Ufuatiliaji wa Saa. Ina meza mbili na kiti kimoja cha kuzunguka, na kiti hicho ni changu. Mimi ni Erasmus, Mratibu. Zamani nilitunza stoo ya maturubai, na hakuna turubai lililowahi kuchelewa.

Msiulize kambi inataka ofisi ya saa ya nini. Wakimbizi wetu wanasikiliza redio ya kwao Burundi, na saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Sisi lango tunaliendesha kwa kompyuta: mwenye kibali cha kutoka apite kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo arudi kwake. Kompyuta ya langoni huuliza saa kwa seva iliyo ofisini kwangu, na seva yangu huuliza kwa seva za Ulaya kupitia lile dishi la juu ya paa.

Fundi wetu, Irine, alinifundisha kuzichungulia. Unaandika amri fupi, ntpq -p, kwenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja. Mara seva zinajipanga: jina, ngazi, imepishana na yetu kiasi gani, na kinyota pembeni ya ile tunayoiamini. Niliiandika tangu chai mpaka chakula cha mchana. Akiingia mgeni, niliiandika kwa kishindo.

Asubuhi moja akaingia Nimpaye, mama wa Kirundi, khanga imemlegea begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa tena."

"Mwanangu amelazwa Rulenge, mzee. Jana nimerudishwa langoni, leo nimerudishwa. Kwa redio yangu ilikuwa saa mbili tu."

"Mama, redio yako ina ngazi gani?"

"Ina betri."

Nilimhurumia, jamani, sina moyo wa jiwe. Nikamwambia aje kesho.

Lakini neno ngazi likanikaa kichwani. Nikaandika amri. Seva ya Ulaya: ngazi ya kwanza. Yetu: ya pili. Kwa elimu yangu, darasa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa hiyo wazungu tulikwishawapita. Nikamuuliza Irine ngazi ya juu kabisa ni ipi.

"Kumi na sita. Ila bosi, hiyo maana yake seva haijaulizana saa na yeyote. Haiaminiki."

"Irine, mkubwa haulizani na watu. Tupandishe."

Akashusha pumzi, akaitenga na Ulaya. Muda si mrefu skrini ikasoma kumi na sita. Nikawanunulia wote soda, nikatoa na waraka: saa ya seva haibishiwi. Mlinzi wa lango akabisha, nikamhamishia Nyakanazi akahesabu malori. Nafasi yake akapewa Gervasi, kijana mtiifu.

Sifa zikafika mbali. Mkurugenzi wetu akaja kutoka Biharamulo kutupongeza. Yuko katikati ya hotuba, jenereta likaishiwa mafuta. Likajazwa, likanguruma, seva ikawaka. Sasa, betri ndogo ya ndani ya seva, ile inayokumbuka tarehe umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Irine aliniomba mpya hadi akachoka, na fungu hilo mimi nililielekeza kwenye kibao cha mlangoni chenye jina langu. Seva ikaamka haijui leo ni lini, na wa kumuuliza haina. Ikarudi mwaka iliotengenezwa, 1997.

Tulipofika langoni tukitoka na gari la Mkurugenzi, mbele yetu alisimama Nimpaye. Gervasi alikuwa akisoma skrini.

"Nimpaye. Umeandikishwa kambini 1996. Upo. Kibali... vibali vya kutoka vitaanza 2001. Pita, mama."

"Bila kibali?"

"Havijaanza."

"Yebaba we!" akasema, akashika njia ya Rulenge mbio, hata ndala moja ikabaki. Nami nikafurahi, sijui kwa nini.

Gervasi akatugeukia. "Majina?"

"Wewe hunijui mimi?" Mkurugenzi akang'aka.

"Nakujua, mzee. Mashine ndiyo haikujui. Mwaka huu wa 1997 hujaajiriwa. Na mratibu naye hayupo. Hata kitengo chake hakipo."

Hilo la kitengo liliniuma. "Gervasi, tumia akili! Unaona mwenyewe huu si mwaka huo!"

"Naona, mzee. Ila waraka wako unasema saa ya seva haibishiwi. Aliyebisha yuko Nyakanazi."

Utaratibu uko wazi, na niliuandika mwenyewe: asiyejulikana akikutwa ndani ya kambi, huandikishwa kama mkimbizi mpya. Tukapangwa foleni juani, suti ya Mkurugenzi ikipigwa vumbi na malori ya mahindi. Mezani alikaa Nkeshimana, mkimbizi wa siku nyingi anayewasaidia wageni kujiandikisha.

"Karibuni, poleni na safari," akasema kwa upole. "Mmetoka nchi gani?"

"Tanzania," Mkurugenzi akajibu, sauti imekwisha.

"Poleni sana. Mmekimbia nini huko?"

Mkurugenzi akaninyooshea kidole. "Huyu."

Nkeshimana akaandika bila kushangaa, amesikia mengi. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe, baba?"

"Huyo huyo," nikasema.