Sifuri Hadi Mtakatifu Martino

Jumatatu, 21 Oktoba
Daktari Gorenc kaniita kuhusu damu yangu. Umri wake ni wa binti yangu, lakini anahoji kama polisi. Nakunywa? Kidogo. Kidogo ni glasi ngapi? Inategemea kazi. Kazi gani, akauliza, na wewe umestaafu? Nikahesabu kwa sauti: moja ya asubuhi kwa ajili ya baridi, mbili na chakula cha mchana, halafu za jioni, za kupiga soga na jirani Rafko. Kufika za jioni aliacha kuandika akanitazama tu. Ini linalalamika, akasema, ila bado linaweza kupona nikilisaidia. Glasi mbili ndogo kwa siku, zisizidi, na siku mbili za wiki nisionje kabisa. Kanipa kijitabu: kila glasi ya divai niiandike. Nitatoa damu tena wiki ya pili ya Novemba. Niseme ukweli, nimeogopa.

Jumanne, 22 Oktoba
Slavka, mke wangu, kakiona kijitabu. Katamka hukumu: kipimo kisiposhuka, Siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, kofia ya askofu atavaa Rafko. Rafko! Miaka kumi na tisa mimi ndiye askofu wa mchezo wa kijiji hiki, ndiye ninayebatiza maji ya zabibu yawe divai. Rafko hata kuitikia amina anachelewa. Nikamwambia Slavka ini ni langu. Akasema na kofia kaishona yeye.

Nikaenda kumenya viazi kwa hasira, na hapo akili ikanijia. Huku kwetu Dolenjska kila mtu anajua: kabla ya Mtakatifu Martino hakuna divai mpya. Kilichomo mapipani, hata kikichacha namna gani, ni maji ya zabibu ambayo hayajabatizwa. Daktari kasema niandike divai. Basi! Ya mwaka jana siigusi. Hii mpya nitakunywa kwa jina lake halali, na kijitabu kitabaki safi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Kijitabu: sifuri. Slavka kaniwekea dumu la kioo karibu na mlango wa ghala, nichote hapo nisihangaike na ngazi za chini. Mke mwema. Kashindwa kugundua mbinu yangu, maskini. Yana povu, yanawasha ulimi, matamu. Nikapiga glasi nne. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 27 Oktoba
Rafko kaja kujaribu kofia, eti kwa tahadhari. Ikamteremka hadi puani. Akashauri tuijaze magazeti. Akanipiga bega: afya kwanza, jirani, heshima hufuata. Mnafiki mkubwa, na pua yake nyekundu kuliko yangu! Kwa uchungu nikanywa sita. Nikakosea kizingiti nikapiga goti. Sasa hivi kichwa kinagonga kama fundi bati. Maji ya mwaka huu ni makali. Kijitabu: sifuri.

Jumatatu, 4 Novemba
Leo nimeshtuka katikati ya kifungua kinywa. Damu haisomi kijitabu! Daktari naweza kumzunguka, damu je? Nikamshauri Slavka aende kutoa yake kwa jina langu, maana sisi ni mwili mmoja. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nilimuuliza nikifa nani atapogoa mizabibu. Akaacha kucheka, akanifunga vizuri skafu shingoni.

Ijumaa, 8 Novemba
Majibu. Kipimo kimeshuka karibu nusu! Nilimwomba daktari asome tena jina. Ciril Jakše, ndiye mimi. Akafungua kijitabu, sifuri tupu, akaniuliza nimewezaje. Nidhamu, nikajibu. Akasema wengi hawaamini ini linaweza kutulia haraka hivyo, niendelee, na majira ya kuchipua tuonane. Alifurahi sana hata nikaona aibu, mpaka nilipofika mlangoni. Nje nilikaa kwenye ngazi za zahanati nikalia. Sijali aliyeniona. Nilikuwa nimeshachagua nyimbo za mazishi.

Nikampigia Slavka. Akasema, njoo ule, mzee wangu, nimeoka mkate mtamu wa potica, wenye jozi.

Jumatatu, 11 Novemba
Kofia kichwani mwangu! Bata bukini mezani, kijiji chote ghalani. Kwa heshima ya pekee nikachagua kubatiza lile dumu la mlangoni, maana hakuna anayelijua kuliko mimi. Nikaomba, nikanyunyiza, nikamimina. Rafko akaonja. Akaonja tena. Akasema mbele ya watu wote: Baba Askofu, ubatizo umegoma, hii ni juisi ya watoto.

Ghala zima likaangua kicheko. Slavka akakiri. Ni juisi ya wajukuu, aliyoichemsha tangu mavuno, na povu ni maji ya gesi ya dukani. Wiki mbili na nusu, kila tone! Akaniinamia sikioni akasema hakuwa tayari kubaki na kofia isiyo na kichwa. Nikamshika mkono, nao watu wakacheka zaidi.

Aibu ilidumu kama dakika tano. Kisha nikafikiri vizuri. Niliimba, nilianguka, kichwa kiliuma, na yote hayo ni juisi! Kumbe divai imesingiziwa maisha yake yote. Roho iliniuma kwa ajili yake. Nikashuka peke yangu hadi kwenye pipa la ndani, nikajaza glasi, nikaiomba radhi. Mara tano, ili iamini. Kijitabuni nimeandika sifuri, kwa sababu daktari hakuniambia chochote kuhusu kuomba radhi.