Basi la Wapiga Kura wa Varna Flats

Alhamisi, 1 Novemba

Barua imefika kutoka wilayani. Uchaguzi uliopita walijitokeza watu 140 tu kati ya 412 walioandikishwa hapa Varna Flats. Wasipofika 250 Jumanne hii, kituo chetu kinafungwa. Tutakuwa tunapigia kura Tolley, maili thelathini! Tolley, ambako hata kahawa yao ina ladha ya soksi.

Mji mzima umenuna. Mimi, Merle Tuftedal, mwenyekiti wa Wademokrati wa hapa (wanachama hai tisa, mmoja mgonjwa wa goti), nimefurahi kimoyomoyo. Mara iliyopita Warepublikan walipata 88, sisi 52. Waliokaa nyumbani ni 272. Hao ni wetu! Wale wa upande wa pili hawakosi kupiga kura hata wakiwa na homa. Sasa waliobaki ni akina nani? Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ardis, mke wangu, aliuliza kama nimewahi kumwuliza hata mmoja wao. Nikamjibu kwamba siasa haziendi kwa kuulizana.

Ijumaa, 2 Novemba

Mchungaji ameniazima basi la kanisa! Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, usukani naujua kama kijiko. Sharti lake: nimbebe yeyote atakayepunga mkono, nisiulize chama. Nimekubali. Hakusema nipite barabara zipi.

Jioni nimepanga nyumba. Wenye paka: wetu. Wenye vitabu dirishani: wetu. Wenye kuku: si wetu. Ardis akanikumbusha kwamba sisi tuna kuku kumi na wawili. Kuku nimewafuta kwenye orodha.

Jumamosi, 3 Novemba

Mkahawani asubuhi. Wendell Krage alikuwa mezani pake dirishani na watu wake. Ndiye mwenyekiti wa Warepublikan, muuza chakula cha mifugo, na, kwa mapenzi ya Mungu, kaka yake Ardis. Nikapata wazo la kijanja. Nikawaambia kwa upole kwamba wao wameshashinda, wasijisumbue Jumanne, wakavune mahindi yao kabla ya mvua.

Wendell akapanda juu ya kiti. Na kiuno chake kile!

“Jamani, mmemsikia shemeji? Anatubembeleza tulale!”

Wakagonga meza kwa vijiko. Mchana dukani kwake pakatundikwa bango: MERLE ANASEMA LALENI. Kufikia jioni nimehesabu mabango ishirini na sita. Moja limepigiliwa kwenye uzio wangu mwenyewe. Mwandiko ni wa Ardis. Anasema alidhani ni mzaha.

Jumatatu, 5 Novemba

Ardis ameoka pai kumi na nane za tufaha, za abiria wangu. Saa nne simu ikalia: Opal Fenske, msimamizi wa kituo. Kasema kumpa mtu chakula ili apige kura ni kosa la jinai, awe wa chama chochote. Nikamwambia si kwa ajili ya kura, ni kwa ajili ya njaa. Akajibu kwamba hata jela wanagawa chakula.

Pai tatu tumekula wenyewe. Nyingine zimekwenda kwa wazima moto. Mvua imeanza.

Jumanne, 6 Novemba

Siku kuu! Safari sita kabla ya mchana, basi limejaa kila mara. Nilikuwa naimba. Foleni imetoka kituoni, kwenye ghorofa ya chini ya kanisa, imepanda ngazi, imezunguka hadi makaburini. Opal aliishiwa vibandiko vya “Nimepiga Kura” saa tisa.

Safari ya saba nilikwenda mashambani kumchukua Mzee Gus Lindahl, miaka themanini na minane, paka saba! Hajapiga kura kwa miaka ishirini. Alivaa suti ya harusi yake. Njiani nikabeba wengine kumi na wanne. Kisha, kwenye mteremko wa kijito, basi likateleza, likajikita topeni hadi mhimili. Nikakanyaga mafuta. Likazidi kuzama.

Abiria wakasema nimwite Wendell, ana trekta. Nikasema afadhali nisukume. Nikashuka, nikasukuma. Kiatu kimoja bado kiko kule.

Mzee Gus akafungua dirisha. “Kijana,” akaniambia, mimi wa miaka sitini na tatu, “kiburi chako kitanikosesha kura. Mwite shemeji yako.”

Nikampigia.

Wendell alifika na trekta lenye bendera ya chama chake kubwa kama shuka. Nilingoja kejeli. Akanitazama mguuni, akavua buti zake, akanitupia. “Vaa, shemeji. Sitaki dada yangu awe mjane, ahamie nyumbani kwangu.” Halafu akafunga mnyororo, akatuvuta mpaka mlangoni mwa kanisa, yeye na soksi zake, mimi nimeshika usukani nyuma ya bendera ile! Watu wakashangilia wakidhani nimehama chama.

Mzee Gus alipotoka kupiga kura alilia kidogo. Alisema marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimleta. Kisha akanipa mkono wa shukrani na kuniarifu kwamba kawapigia Warepublikan wote, kutoka juu hadi chini. Basi zuri sana, alisema.

Jumatano, 7 Novemba

Watu 318! Kituo kimebaki! Kengele ya kanisa imepigwa, Opal kacheza dansi na Mchungaji, na Wendell na mimi tumekumbatiana mbele ya watu, jambo ambalo halikutokea hata siku ya arusi yangu.

Warepublikan 229. Sisi 89. Tumeongezeka kura thelathini na saba! Wendell kasema nusu ya kura zake zilifika kwa basi langu, na kwamba angependa kunipa cheo. Wivu.

Nimekaa na kalamu. 412 ukitoa 318, wamebaki 94 nyumbani. Mara hii sina shaka: wale wa Wendell wamekwisha, wote nimewabeba mwenyewe. Hao 94 ni wetu watupu!

Ardis akachungulia begani kwangu. Akasema hata wakija wote tungefika 183, na Wendell bado ana 229. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kulisha kuku.

Hesabu za darasani si hesabu za siasa. Nimeshampigia Mchungaji. Uchaguzi ujao nataka mabasi mawili.