Mbwa Sawa na Walinzi Watatu

Jumatatu, 3 Februari 1947

Leo naanza kuandika mambo yangu. Daftari kanipa Meja. Kurasa za mbele alizikata mwenyewe, sijui za siri gani. Zilizobaki zanitosha kabisa.

Mimi ni Baya wa Masha. Darasa la nne nimelimaliza, la tano nililichungulia mlangoni. Kazi yangu kwa sasa ni kumfulia Meja nguo, Ganjoni. Kwa sasa tu! Kichwa hiki hakikuumbwa kwa sabuni.

Nalala Makadara kwa mjomba Ngumbao, ndugu yake mama. Ni mlinzi wa ghala la Bwana Adamji, muuza sufuria. Kijumba cha mlinzi kina kitanda kimoja. Mimi nakilalia usiku, mjomba anakilalia mchana. Hakipoi.

Habari kubwa: Meja anarudi kwao Ijumaa kwa meli, na mbwa wake haendi. Aitwa Neli. Ni mbwa wa kuchungia kondoo, mweusi kwa mweupe, manyoya kama godoro lililopasuka, jicho moja la buluu. Meja karibu alie. Kaniambia nikimpatia Neli mtu mwema, baiskeli yake ni yangu.

Mtu mwema! Wema wa watu siujui. Nyumba zao nazijua.

Tangu vita viishe, matajiri wameshikwa na homa ya mbwa wa Kizungu. Bwana Hakimuddin, kontrakta, ana mbwa mweupe wa madoadoa. Humpakia garini, kichwa nje, mji mzima uone. Priscah, yaya wao, aniambia habari za uani ambazo mji hauzioni: mbwa huyo kala kamba ya kuanikia, kala nguo, sasa ameanza mlango.

Na Bwana Adamji hawezi kumwona Hakimuddin na kitu akalala. Huyu kanunua redio, yule kanunua kubwa zaidi. Mbwa tu ndiye hana. Maskini! Nitamsaidia.

Jumatano, 5 Februari

Nani kasema kuuza ni kazi? Mimi imenichukua muda wa kunywa kahawa.

Nilimwosha Neli, nikamchana kama bibi harusi. Nikamwambia tajiri Adamji: mbwa huyu alikuwa vitani Habeshi, aliwazingira Wataliani kumi na wanane peke yake, akawaleta kambini kwa mstari. (Walikuwa kondoo. Huko Molo, shambani kwa nduguye Meja. Lakini mstari ulikuwapo.)

Tajiri kauliza anakula nini. Makombo. Kauliza analinda? Nikasema ni sawa na walinzi watatu. Neno lilitoka lenyewe, tamu, nikaliongezea chumvi: haombi sukari, hafiwi na shangazi kila mwezi, hafumbi jicho.

Tajiri kashika kidevu. Kauliza tena, hafumbi jicho? Nikasema kamwe!

Meja alinionya kwamba Neli lazima akimbie asubuhi na jioni, na apewe kazi, asipopewa kazi atajitafutia mwenyewe. Hilo sikulitia katika mauzo. Muuza embe hatangazi kokwa.

Baiskeli ninayo! Nimeipeleka Priscah akaione. Kaizunguka, kapiga kengele mara mbili, kasema baiskeli nzuri, na huyu aliyeipanda kaazimwa wapi? Wivu.

Alhamisi, 6 Februari

Mambo yameingia mdudu.

Tajiri kamwita mjomba. Kamwambia mbwa atajaribiwa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Akifaa, mjomba ashike njia. Miaka kumi na mmoja mjomba kalinda ghala lile! Kauliza kosa lake nini. Tajiri kasema hakuna kosa, ila mbwa ni sawa na walinzi watatu, kamuulize mpwa wako.

Mjomba kanitazama. Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Kauliza tu: "Baya mwanangu, hata sukari uliitaja?"

Kaloleni kuna mkewe, watoto wanne, na mbuzi wanaopotea kila wiki. Wote hao wanategemea kijumba hiki cha kitanda kimoja. Na mimi pia, nikiangalia vizuri.

Nilifikiri nimrudie Meja, nimwambie mbwa hakufaa. Kisha nikaifikiri baiskeli. Baiskeli ikashinda.

Lakini nina akili zangu. Meja anaondoka kesho, naye akishaondoka hakuna wa kuidai. Neli asipokimbizwa ataharibu mambo mwenyewe, tajiri atamfukuza, mjomba atabaki. Kazi itabaki, baiskeli itabaki. Mimi ni hatari.

Jumamosi, 8 Februari

Meja kaenda. Nilipunga mkono, nikarudi kwa baiskeli nikipiga kengele hata pasipo na mtu.

Neli naye kaanza vizuri! Kakata kamba mbili. Kafukua chini ya ukuta shimo la kumzika mtu. Kawakusanya kuku wa jirani, kumi na mmoja, kawasukuma wote kijumbani mwa mjomba, kalala mlangoni wasitoke. Mmoja katagia kitandani. Nikasema Jumatatu haifiki, huyu atakuwa njiani.

Asubuhi ya leo natoka kunawa, namwona nani? Mjomba. Anamkimbiza Neli kiwanjani! Anapiga mluzi, Neli analala chini. Anapiga mwingine, anazunguka kushoto. Mluzi wa mbuzi, kajifunza utotoni. Neli hajapata kumtazama mtu hivyo, hata Meja.

Nilimfokea, kwa adabu. Nikamwambia mjomba, huyu ndiye anayekutoa kazini! Kasema mnyama hana kosa, kosa la waliomfunga kamba. Nikamwambia basi angalau usimtulize hadi Ijumaa. Kasema akitulia analala na yeye anapata kulala.

Utamsaidiaje mtu kama huyu?

Jumatatu, 10 Februari

Siku chafu.

Neli katoka uani hadi mbele ya duka. Nikafurahi. Nikajua atang'ata mtu. Wapi! Kawaona wapita njia, kaona kondoo. Kawazunguka. Hakumgusa hata mmoja, kawazunguka tu, na watu wa mjini mnawajua, mtu hataki mbwa amguse kanzu. Wakainua kanzu zao hadi magotini, wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, hadi wakawa ndani ya duka. Watu tisa. Wamekwama humo, wafanyeje? Watatu wakanunua birika.

Tajiri kacheka hadi kofia ikaanguka. Kamwambia mjomba aanze kufunga mkeka wake.

Basi nikamfunga Neli nyuma ya baiskeli, nikamwambia tajiri nampeleka kunyoosha miguu. Nia yangu nikamwache bara, ng'ambo ya Makupa, apotee salama. Hatujavuka, tukakutana na mbuzi. Sikumbuki mengine vizuri. Nakumbuka mbuzi kushoto, Neli kulia, na mimi juu. Gurudumu la mbele limejikunja kama jalebi. Nimeibeba baiskeli begani kutoka Makupa hadi Makadara, watoto wananiuliza nani anampanda nani.

Nilipofika, Neli alikuwa mlangoni ananisubiri. Mbuzi sita pia.

Jumatano, 12 Februari

Leo niandike pole pole. Vidole vimevimba.

Mpango ulikuwa mzuri. Nasema hivyo hata sasa. Bi Tumu, mpishi wa harusi za Kibokoni, aliagiza sufuria ishirini na nne, zimepangwa ghalani. Mimi Mkristo wa Kaloleni, lakini nimekaa mjini, najua Waislamu hawataki ulimi wa mbwa chomboni. Basi, mbwa aonekane karamba sufuria moja, tajiri atamtoa leo leo. Sufuria moja tu, mimi si shetani. Itapanguswa kwa kitambaa, basi.

Mchana mjomba kalala. Ufunguo wa ghala hukaa msumarini juu ya kichwa chake. Niliutwaa hakugeuka. Nikapaka samli sufuria ya kwanza, nikaacha mlango wazi, nikamwita Neli.

Kairamba ya kwanza. Kisha, mbwa wa kazi huyu, kaona zimebaki ishirini na tatu. Hakuruka hata moja. Kaingiza kichwa kila moja, kubwa kwa ndogo, kwa mpango, kama anayesoma hesabu. Nilimvuta mkia. Nilimvuta miguu. Na Bi Tumu ndiyo saa aliyochagua kuja na hamali kuchukua mali yake.

Ukelele wake ulifika bandarini. "Yarabi! Mbwa katia ulimi sufuria za harusi! Adamji, wataka watu wangu wale biriani ya najisi?"

Tajiri kaja mbio. Nikasema moyoni, sasa, mfukuze! Lakini tajiri hakumtazama mbwa. Kautazama mlango. Kauliza nani kaufungua. Kaangalia msumari, kamwangalia mjomba, ambaye alikuwa anatoka kijumbani na shuka lake, macho ya usingizi. Ufunguo ni dhamana ya mlinzi. Hilo sikulifikiria.

Mjomba kanitazama mimi. Samli ilikuwa imenitiririka hadi kiwikoni.

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Nzi angeingia akatoka.

Mjomba kasema, "Huenda nilisahau kufunga, tajiri."

Tajiri kasema basi asingoje Ijumaa. Aende, na mbwa wake aende naye. Maana walinzi wote wanne, kasema, hawana faida.

Halafu Bi Tumu katoa hukumu yake. Si kitambaa. Kila sufuria mara saba, na moja katika hizo saba kwa mchanga. Ishirini na nne mara saba! Hiyo hesabu ni ya darasa la tano. Kaketi juu ya kigoda, kashika tasbihi, anavuta punje moja kwa kila mwosho. Mimi upande huu wa karai, mjomba upande ule. Sufuria ya nne nikaruka mwosho mmoja, nikamtazama Bi Tumu kwa pembe ya jicho. Kaniambia, "Mwanangu, mimi nimewapikia watu elfu, nami sijui kuhesabu saba? Anza upya."

Mjomba hakuruka hata mmoja. Na kazi hana tena.

Alhamisi, 13 Februari

Mjomba kaondoka asubuhi. Mkeka, shuka, sufuria yake ndogo. Rungu kaliacha, ni mali ya tajiri. Kapiga mluzi mmoja, Neli kamfuata bila kamba.

Nilimsindikiza hadi njia ya Makupa. Nikamwambia achukue baiskeli, akiinyoosha gurudumu itambebea mkeka. Kaiangalia sana. Kasema, "Baki nayo, mwanangu. Umeinunua ghali."

Nilitaka kumwambia kuhusu samli. Kasema anajua. Kasema nirudi, jua litakuwa kali.

Jioni tajiri kaniita. Ghala halina mlinzi wala mbwa. Kanipa rungu, kasema ni kwa muda tu. Nimekubali. Mimi, mlinzi! Priscah kasikia, kauliza nitamlinda nani na nani atanilinda mimi.

Kitanda sasa ni changu peke yangu. Mchana nakilalia. Usiku kinapoa.

Jumatatu, 24 Februari

Barua ya mjomba. Kaandikiwa na Jael, binti wa mwalimu, mwandiko mzuri kushinda wangu. Asema Neli yuko salama. Mbuzi hawapotei tena. Majirani nao wameleta wa kwao, wamlipa kwa maziwa, watoto wanakunywa. Asema malipo hayo hayatoshi kama yale ya ghala, lakini Mungu yupo. Asema katika kijumba kuna bati linalovuja upande wa kichwani, nigeuze kitanda kabla ya masika. Mwisho auliza kama ninakula.

Nimeisoma mara mbili. Nimeiweka chini ya godoro. Nimekigeuza kitanda.

Sasa, habari ya maana. Priscah kanipitia mchana. Kasema mbwa wa madoadoa wa Bwana Hakimuddin amekula kiti cha gari. Chote, hadi springi. Bwana Hakimuddin anatafuta wa kumchukua kimya kimya, watu wasijue. Nilikwenda kwake vile vile na rungu langu mkononi. Tumepatana: nikimpatia mbwa nyumba, ananinunulia gurudumu jipya la mbele. Jipya! Na kengele mpya juu yake.

Safari hii nimejifunza. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa samli. Wa madoadoa hapendi samli, nimemuuliza Priscah.

Nikaenda moja kwa moja kwa tajiri Adamji, nikamkuta ghalani, mlangoni mwa kijumba changu. Nikamwambia huyu si mchunga kondoo, huyu ni mbwa wa mjini, kazaliwa kulinda, tena Hakimuddin analia kuachana naye. Hapo macho yakamwaka. Kauliza analinda kweli? Nikasema ni sawa na walinzi watatu.

Tajiri kashika kidevu. Kaniangalia mimi, kaangalia rungu, kaangalia kitanda changu chenye alama ya mwili saa tisa ya mchana. Kauliza, na huyu hulala?

Nikasema hafumbi jicho.

Kasema nimlete kesho asubuhi. Hata hakuuliza anakula nini, mjinga yule!